Inchi 55 kwa Miaka Mitano: Kisa cha Wakulima wa Sheridan, Kansas, Waliojipunguzia Maji

Takwimu mbili zinatosha kuanzisha ubishi kuhusu jimbo la Kansas, katikati ya Marekani. Ya kwanza ni ya maji: katika kila lita 100 zinazotumiwa jimboni, zaidi ya 80 humwagilia mazao. Ya pili ni ya ajira: watu wanaofanya kazi shambani hasa, wenye mashamba pamoja na vibarua wao, ni sehemu ndogo tu ya wafanyakazi wa jimbo hilo lenye watu wapatao milioni 2.9.

Anayezisoma takwimu hizo kwa pamoja hutoa hukumu haraka. Sekta inayomaliza karibu maji yote inaajiri wachache, kwa hiyo ipunguziwe. Upande wa wakulima nao una hesabu yake. Ukijumlisha wanenepeshaji wa ng'ombe, viwanda vya nyama, wauza matrekta, madereva wa malori, maghala ya nafaka na benki zinazokopesha wakulima, kilimo kinabeba zaidi ya ajira moja katika kila kumi. Ukikigusa, wanasema, watu wa magharibi yote ya jimbo watahama.

Naziona hesabu zote mbili kuwa za kweli, na bado naamini zinajibu swali lisilo lenyewe. Zote zinachukulia kwamba lita ya kwanza na lita ya mwisho zinazomwagwa shambani zina thamani moja, na kwamba ukipunguza maji kwa robo umepunguza pia riziki kwa robo. Kuna eneo dogo kaskazini-magharibi mwa Kansas ambako dhana hiyo ilijaribiwa kwa vitendo, chini ya sheria, na kwa uamuzi wa watu ambao ndio wangeumia kama mambo yangekwenda vibaya. Eneo hilo linaitwa Sheridan 6.

Maji ya chini ya ardhi na watu wa juu yake

Makao makuu ya Kaunti ya Sheridan ni mji mdogo wa Hoxie. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 2,447 katika kaunti nzima. Karne moja kabla ya hapo walikuwa zaidi ya mara mbili ya hao. Mvua ya mwaka ni kama milimita 500. Hiyo inatosha ngano na mtama, lakini haitoshi kupata mahindi kwa wingi unaotakiwa na mazizi makubwa ya kunenepeshea ng'ombe. Mahindi hayo yanaota kwa maji ya Ogallala, akiba ya maji ya ardhini iliyolala chini ya majimbo manane, kuanzia South Dakota kaskazini hadi Texas kusini.

Akiba hiyo ilijaa kwa maelfu ya miaka, na kinachorudi ndani yake kila mwaka ni kidogo sana. Utafiti wa wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria kwamba hadi 2010 asilimia 30 ya maji ya akiba hiyo upande wa Kansas ilikuwa imeshavutwa, na kwamba asilimia 39 nyingine ingeondoka katika miaka 50 iliyofuata kama uvutaji ungeendelea vilevile. Mvua na vijito vinarudisha kama asilimia 15 tu ya kinachovutwa. Ikiisha, kuijaza upya kutachukua kati ya miaka 500 na 1,300.

Kilichowawezesha wakulima kuvuta kwa kasi hiyo ni pampu, na pamoja nayo mtambo wa bomba refu lenye magurudumu unaozunguka kisima chake kama akrabu ya saa. Mkulima wa Colorado, Frank Zybach, alipata hataza ya mtambo huo mwaka 1952. Mtambo mmoja wa kawaida humwagilia duara la ekari 125 hivi. Inchi moja ya maji juu ya duara hilo ni karibu lita milioni 13, na mtu mmoja, akiwa na gari lake na simu yake, anaweza kusimamia maduara kadhaa msimu mzima.

Hapa pana jambo ambalo watetezi wa umwagiliaji huwa hawalisemi kwa sauti. Visima viliongezeka kwa kasi katika miongo iliyofuata Vita Kuu ya Pili, na katika miongo hiyohiyo idadi ya watu wa Sheridan iliendelea kushuka. Maji yaliongeza mavuno, yakaongeza thamani ya ardhi, yakaongeza kodi ya ardhi inayoendesha shule na barabara za kaunti. Lakini hayo hayakuwarudisha vijana, kwa kuwa mashine zilezile zilizofanya umwagiliaji uwezekane ndizo zilizofanya mikono mingi isihitajike. Ajira ambazo maji hayo yalizalisha ziliota mbali na kisima: kwenye mazizi ya ng'ombe, kwenye vinu vya vyakula vya mifugo, na mwisho kabisa kwenye viwanda vya nyama vya Garden City, Dodge City na Liberal, kusini-magharibi mwa jimbo.

Kwa hiyo mtu anayegawanya lita kwa idadi ya wakulima anapata picha potofu, na anayejumlisha mnyororo wote kana kwamba kila kiungo kingekatika siku moja naye anapotosha. Kwa kaunti yenye watu 2,447, linalohitaji jibu ni hili: maji haya yataibeba kazi hii kwa miaka mingapi, na je, kuna sehemu ya maji inayovutwa bila kubeba kazi yoyote?

Sheria iliyomfunga mkulima mikono

Kansas ilitunga sheria yake ya ugawaji wa maji mwaka 1945. Msingi wake ni kutangulia: aliyesajili haki yake ya maji mapema analindwa kabla ya aliyekuja baadaye. Kwa mto msingi huo unafanya kazi vizuri, kwa kuwa kila mtu anaona maji yanapopungua. Kwa maji ya ardhini unaleta shida, kwani visima vyote vinashuka kwa pamoja, polepole, na hakuna wa kumnyooshea kidole.

Sheria hiyo ilikuwa na kipengele kingine kilichoumiza zaidi. Haki ya maji isiyotumiwa kwa miaka mitano mfululizo bila sababu ya msingi ingeweza kuhesabiwa kuwa imetelekezwa. Mkulima aliyetaka kupumzisha kisima chake kwa ajili ya wajukuu alikuwa na hofu kwamba jitihada hiyo itamnyima haki yenyewe. Ni vigumu kufikiria kanuni inayovunja moyo kuliko hiyo katika eneo lenye maji yanayokwisha. Bunge la jimbo lilikiondoa kipengele hicho mwaka 2012 kwa maeneo yaliyofungwa kwa visima vipya, na nadhani mabadiliko hayo yanastahili sifa kubwa kuliko yanayopewa.

Kulikuwa pia na njia ya amri kutoka juu. Tangu 1978 mhandisi mkuu wa maji wa jimbo angeweza kutangaza eneo la udhibiti na kupanga mwenyewe nani apunguze kiasi gani. Wakulima waliiogopa njia hiyo. Ukishaianzisha, mwisho wake hauko mikononi mwako. Unaweza kuomba kupunguziwa kidogo ukaondoka umekatwa sana.

Wilaya ya Usimamizi wa Maji ya Ardhini Namba 4, yenye ofisi mjini Colby, ilikuwa imeyatambua maeneo sita ambako maji yalishuka kwa kasi ya kutisha. Wakulima wa eneo la sita, lililo zaidi ndani ya Sheridan na kugusa Kaunti ya Thomas, walikutana mara kwa mara kwa miaka kadhaa. Walifikia kukubaliana wapunguze, ila hawakuwa na chombo cha kisheria cha kulifanya kubaliano hilo liwafunge wote bila kulikabidhi kwa mhandisi mkuu.

Sheria mpya ya 2012 iliwapa chombo hicho. Mpango unaotungwa chini yake hujulikana kwa kifupisho LEMA, cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya eneo la wenyeji lenye usimamizi wa ziada. Wilaya ya maji inatunga mpango pamoja na watumiaji, inaupeleka kwa mhandisi mkuu, mikutano ya hadhara inafanyika, kisha mhandisi anaukubali, anaukataa au anaurudisha ufanyiwe kazi. Hana ruhusa ya kuchomeka masharti yake mwenyewe. Ukishapitishwa unakuwa amri ya serikali yenye meno. Mpango wa Sheridan 6 ulianza tarehe 1 Januari 2013, ukiwa wa kwanza wa aina yake jimboni. Ulihusu eneo la maili za mraba 99, yaani kama kilomita za mraba 256.

Hesabu ya miaka mitano

Kiini cha mpango ni namba moja: inchi 55 za kina cha maji, kama mvua inavyopimwa, kwa kila ekari inayomwagiliwa, kwa miaka mitano. Kwa wastani ni inchi 11 kwa mwaka, kama milimita 280. Lengo lilikuwa kupunguza matumizi kwa asilimia 20 ukilinganisha na yaliyokuwa yakitumiwa hapo awali. Kila kisima kilitakiwa kuwa na mita inayofanya kazi. Anayevuka kiwango alikabiliwa na faini ya kila siku, na anayevuka kwa kiasi kikubwa angeweza kufungiwa haki yake ya maji kwa miaka miwili.

Ningependa msomaji akae kidogo na hiyo miaka mitano, kwa sababu naamini ndiyo iliyouokoa mpango. Kiwango cha mwaka mmoja mmoja kingemlazimisha mkulima kufanya mambo mawili mabaya. Mwaka wa ukame angepungukiwa na mahindi yangekauka yakiwa yanachanua, wakati ambao hayavumilii kiu hata kidogo. Mwaka wa mvua angetumia kiasi chake chote hata kama shamba halikihitaji, kwa kuwa kisichotumiwa kinapotea. Hesabu ya miaka mitano iligeuza maji kuwa akiba ya benki yake mwenyewe. Kila inchi aliyoacha ardhini mwezi Juni wa mwaka wenye mvua ilimngojea mwaka wa kiangazi. Kwa mara ya kwanza, kutofungua pampu kulikuwa na faida ambayo mtu aliweza kuiandika kwenye daftari.

Mkulima mwenye visima zaidi ya kimoja aliruhusiwa pia kuhamisha kiasi kutoka kisima hadi kisima ndani ya eneo. Jambo jingine lililokuwa gumu kisiasa ni kwamba kiwango kiligawanywa kwa ekari, bila kuwapa waliotangulia fungu kubwa na waliochelewa fungu dogo. Wenye haki za zamani walikubali kubeba mzigo sawa na wenye haki za karibuni. Kwa mujibu wa sheria ya 1945 hawakuwa na wajibu huo. Walipima, wakaona kwamba kutangulia kwenye kisima kitakachokauka hakuna maana kubwa.

Kilichotokea

Matumizi yalishuka kupita lengo. Uchambuzi wa wachumi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas, uliolinganisha visima vya ndani ya mpaka na vya jirani nje ya mpaka, ulipata punguzo la takriban asilimia 26 lililosababishwa na mpango wenyewe. Ulinganisho huo ni wa muhimu sana. Ukame wa 2012 ulikuwa mkali, na baadhi ya miaka iliyofuata ilikuwa na mvua nzuri, kwa hiyo punguzo lolote lingeweza kusingiziwa mawingu. Jirani wa nje ya mpaka alipata mvua ileile, akauza kwenye soko lilelile, na hakupunguza kwa kiasi hicho.

Matokeo ya pili ndiyo yaliyowashangaza wengi. Mwanauchumi Bill Golden wa chuo hichohicho alifuatilia mapato ya wakulima wa ndani na wa nje. Kwa mahindi ya umwagiliaji, wa ndani walitumia maji pungufu kwa asilimia 23 kwa ekari, wakavuna pungufu kwa asilimia 1.2 tu, na fedha zilizobaki mkononi baada ya gharama zilikuwa zaidi kwa asilimia 4.3.

Sababu zake hazina muujiza. Kuvuta maji kutoka chini kunakula umeme, dizeli au gesi, na kila inchi isiyovutwa ni gharama isiyolipwa. Mkulima aliyejua atatumia maji kidogo alipanda mbegu kwa nafasi pana zaidi na kuweka mbolea kidogo zaidi. Wengi walifunga vipima unyevu kwenye udongo na kuacha kumwagilia kwa kufuata kalenda au kwa kumtazama jirani. Sehemu ya ardhi ilihamishiwa kwenye mtama na ngano, mazao yanayovumilia kiu, lakini sehemu kubwa ya punguzo ilitokana na kumwagilia mazao yaleyale kwa maji machache. Hawakuyatelekeza mashamba.

Hilo la mwisho ndilo linalobeba hoja ya ajira. Kama punguzo lingetokana na kufunga mashamba, muuza mbegu wa Hoxie angepoteza wateja, ghala la nafaka lingepokea malori machache, na zizi la ng'ombe lingelazimika kuagiza mahindi kutoka mbali. Lakini mahindi yaliendelea kuingia ghalani karibu kama zamani. Maji yaliyoachwa yalikuwa yale ya mwisho: inchi zilizomwagwa kwa tahadhari, kwa mazoea, au kwa hofu ya kwamba nisipoyavuta mimi atayavuta mwenzangu. Inchi hizo hazikuwa zikimlisha mtu yeyote. Anayedai kwamba kila lita ya umwagiliaji imeshikilia ajira ya mtu anahitaji kuueleza mwenendo wa Sheridan 6, na sijaona maelezo yanayoridhisha.

Upande wa maji yenyewe, kina kilichokuwa kikishuka kwa karibu sentimita 60 kwa mwaka kilipunguza mwendo hadi chini ya sentimita 20. Wakulima waliuomba mpango uendelee, ukapitishwa tena kwa 2018 hadi 2022, na mara ya tatu kwa 2023 hadi 2027. Mpango unaoombwa tena na walewale unaowabana ni ushahidi ninaouamini kuliko ripoti yoyote.

Mahali ambapo kisa hiki hakifiki

Kushuka polepole bado ni kushuka. Sheridan 6 ilinunua muda, muda mrefu, lakini haijafika mahali ambapo kinachotoka kinalingana na kinachoingia. Ili kufika huko itabidi kukatwa tena, na punguzo linalofuata halitakuwa rahisi kama la kwanza. Inchi za ovyo zimeshaondolewa. Zitakazofuata zitagusa mavuno, na hapo ndipo hesabu ya ajira itakuwa ya kweli na yenye maumivu.

Kuna pia suala la kina kilichobaki. Mkulima wa Sheridan alikuwa bado na maji ya kutosha chini yake hivi kwamba kuyatunza kulikuwa na maana. Mahali ambapo kisima kimeanza kutoa maji ya kusuasua, kumwambia mtu aache asilimia 25 ni kumwambia aache kilimo cha umwagiliaji. Dawa hii inafanya kazi mapema, na maeneo mengi ya Kansas yanaizungumzia yakiwa yamechelewa.

Maeneo mengine matano yaliyotambuliwa pamoja na Sheridan hayakuchukua njia hiyo kwa wakati ule. Wilaya Namba 4 ilipoleta mpango wa wilaya nzima mwaka 2018, wenye masharti mepesi zaidi, baadhi ya wenye ardhi walikwenda mahakamani wakidai unavunja msingi wa kutangulia. Mahakama iliuthibitisha mpango huo mwaka 2019. Kaunti ya Wichita ilipata LEMA yake mwaka 2021, na kaunti nne za Greeley, Lane, Scott na Wallace zikafuata 2023. Desemba 2022 Mamlaka ya Maji ya Kansas ilipiga kura kutamka kwamba sera ya kuiacha Ogallala ikauke kwa mpango haifai tena kwa jimbo. Mwaka uliofuata Gavana Laura Kelly alisaini sheria inayozitaka wilaya za maji ya ardhini kutambua maeneo ya kipaumbele na kuwasilisha mipango ya utekelezaji ifikapo 2026.

Kusini-magharibi, kwenye Wilaya Namba 3, ndiko maji mengi zaidi yanakovutwa, na ndiko viwanda vya nyama viliko. Wilaya hiyo ilikaa zaidi ya muongo mmoja baada ya sheria ya 2012 bila mpango wa aina hii. Maelfu ya watu wanaokata nyama Garden City, Dodge City na Liberal wametoka Mexico, Guatemala, Somalia, Myanmar na kwingineko. Mishahara yao inategemea ng'ombe, ng'ombe wanategemea mahindi, na mahindi yanategemea maji yanayoshuka. Lakini wanaopiga kura katika wilaya ya maji ya ardhini ni wenye ardhi ya kutosha na wenye haki za maji. Mkata nyama anayepanga chumba mjini hana kura hapo, ingawa kisima kikikauka yeye ndiye atakayehama kwanza, akiwa hana ardhi ya kuuza.

Sheridan iliweza kukubaliana kwa sababu waliokaa mezani walikuwa wachache na karibu wote walikuwa na visima. Kusini-magharibi meza ni kubwa kuliko hiyo. Wilaya Namba 3 inapotunga mipango inayodaiwa na sheria ya 2023, ningetaka ichukue kutoka Sheridan hesabu ya miaka mitano na mita kwenye kila kisima, kisha iongeze kitu ambacho sheria haiilazimishi: mikutano inayofanyika saa ambazo zamu za kiwandani zimeisha, kwa lugha wanazozielewa wafanyakazi hao, na takwimu za kina cha maji zikiwekwa mbele yao kama zinavyowekwa mbele ya wenye mashamba.